Pale Video Inapoishia

Muriungi, mwanangu,

Wewe na mama yako mmeteremka Kiritiri kumuaga nyanya yako, na mimi nimebaki nyumbani kwa kisingizio cha goti. Goti linauma, hapo sikudanganya, lakini haliumi kuliko jana. Nimebaki ili niandike. Kesho mtarudi, tutapakia mizigo na kushuka Nairobi, na ndani ya gari mtakuwa na shangazi zako wawili wakiimba njia nzima. Hapo hakuna neno nitakaloweza kulisema. Basi nimekaa hapa barazani saa nane mchana, daftari la mama yako la shule magotini. Vidole vyangu unavijua, viwili havikunji. Usishangae mwandiko ukilala.

Mambo ya pasipoti, ya masweta na ya kumpigia mama yako kila Jumapili ameshakuambia mwenyewe, tena mara tatu. Mimi nina jambo moja.

Jumapili iliyopita, jamaa walipojaa hapa kukuombea safari, binamu zako wa Ruiri walikuomba uwaonyeshe ile video. Ukaiweka kwenye televisheni. Umekuwa ukiitazama tangu ukiwa darasa la sita, unaijua kama sala. Mtu mwenye jezi nyeupe anaruka katikati ya uwanja kuudaka mpira. Mtu mwenye jezi ya buluu anatokea kushoto kama lori lililokatika breki. Wa jezi nyeupe anapaa, anaanguka. Wa jezi ya buluu anasimama juu yake, anajipiga kifua, anacheza. Uwanja mzima unanguruma, na video inaisha.

"Rudisha! Rudisha!" wakapiga kelele. Ukarudisha mara nne. Ukawaambia, "Huyo ndiye mzee wangu. Yule jamaa hata hakujua kimemgonga nini."

Nikatoka nje. Uliponifuata ukaniuliza mbona nimeondoka, nikakuambia nimesikia ndama akilia. Hakuna ndama aliyelia.

Yule mwenye jezi nyeupe anaitwa Curtis. Katika miaka yangu yote kule ng'ambo sikuwa na rafiki mwingine kama yeye.

Ile sehemu ya kuchekesha unaijua, kwa sababu ndiyo pekee niliyowahi kukusimulia. Nilivyokua hapa Kibirichia nikibeba magunia ya viazi na babu yako, yule uliyerithi jina lake, kutoka shambani hadi barabarani, mpaka mabega yakawa mapana kuliko mlango. Mwalimu wa michezo alivyonipa tufe kwa mara ya kwanza nikalirusha likavuka ua na kumuua kuku wa mwalimu mkuu. Jinsi tufe hilo lilivyonipatia nafasi ya masomo Marekani, na kocha wa mchezo mwingine kabisa akaniona siku moja nikilisukuma gari lililokwama kwenye theluji, peke yangu, akauliza, "Huyu ni nani, na kwa nini hayuko kwangu?"

Sikuwa nikijua hata huo mpira wao wa Kimarekani ukoje. Nilidhani ni raga iliyovaa kofia. Aliyenifundisha ni Curtis, niliyelala naye chumba kimoja chuoni. Alimwaga maharagwe kwenye godoro lake, akayapanga mistari miwili.

"Hawa ni sisi, hawa ni wao," akasema. "Wewe ni hili kubwa."

"Nafanya nini?"

"Unamtafuta mwenye mpira, unamwangusha."

"Halafu?"

"Halafu unampa mkono, unamwinua. Usipomwinua, mama yangu atakuchapa. Huwa anatazama."

Krismasi yangu ya kwanza kule nilikuwa sina pa kwenda, akanichukua kwao, mji mdogo wa kusini. Mama yake alikuwa mpishi wa shule. Mimi kwa desturi yetu nikamwita Mama Curtis, akacheka hadi akashika meza. Alinipikia mboga za majani zinazofanana na sukuma wiki, na nilipoonja tonge la kwanza machozi yakanitoka, mwanamume mzima kama gogo.

"Analia nini?" akauliza.

"Mboga," Curtis akamjibu.

Tangu siku hiyo alikuwa akinipikia hizo hizo kila nikienda, na aliniita mwanawe mbele ya majirani bila kunieleza kwa yeyote.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu ndilo linalobeba mengine. Curtis alikuwa mdakaji. Mpira ukiwa hewani alikuwa anaukodolea macho yote mawili, na dunia nyingine yote inafutika. Ndiyo maana alikuwa hodari. Lakini ndiyo maana pia alikuwa hamwoni anayekuja. Kwenye mazoezi mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Nikiona mtu anamjia, nampigia kelele kwa Kiswahili, "Angalia!" Ndilo neno pekee la Kiswahili alilolijua, na lilimtosha. Akilisikia anajikunja kama nungunungu, na pigo linapita juu juu.

Tulipomaliza chuo tulichukuliwa na timu za kulipwa, yeye moja, mimi nyingine, miji ya mbali. Nilicheza miaka minane. Nikuambie ukweli wa miaka hiyo? Niliipenda. Nilipenda kelele, nilipenda kuona jina langu mgongoni, nilipenda kwamba mtoto wa viazi anaogopwa na watu wazima. Niliogopa pia. Kila mwaka wanaletwa vijana wapya, wepesi kuliko wewe, na wote wanataka kitu kimoja tu, nacho ni mahali ulipo. Hakuna anayekuambia siku yako imefika. Unafika asubuhi unakuta kabati lako limefunguliwa na vitu vyako viko ndani ya mfuko.

Babu yako hakuuelewa mchezo huo mpaka anafariki. Nilimtumia picha, naye akamfanya kijana wa jirani amwandikie majibu. Barua ilikuwa fupi: "Nimeambiwa kazi yako ni kuangusha watu. Je, wakishaanguka nani huwainua?" Nikamjibu, kwa fahari, kwamba tunawainua sisi wenyewe, ndiyo heshima ya mchezo. Nilikuwa sijaongopa, wakati huo.

Mwaka wangu wa sita kocha aliniita ofisini siku ya Jumatano. Kulikuwa na kijana mpya anayecheza nafasi yangu. Kocha hakunigombeza. Alisema tu, "Jumapili nionyeshe kitu." Na Jumapili hiyo tulikuwa tukicheza na timu ya Curtis.

Tulikutana kabla ya mchezo, kando ya uwanja, tukakumbatiana. Akaniambia mama yake yumo uwanjani na ameleta chakula kwenye kopo, tukimaliza tule. Nikamwambia nina njaa tayari.

Robo ya tatu mpira ukarushwa juu, katikati. Nikaona jezi nyeupe ikikimbia kuufuata, nikaona namba. Muriungi, watu wote wanadhani katika mchezo ule mambo huenda kasi hata huwezi kufikiri. Huenda kasi, ndiyo. Lakini nafasi ya kufikiri ipo, na mimi niliipata. Nilijua ni yeye. Nilijua macho yake yako wapi. Nilijua kwamba hanioni na hataniona, na kwamba hakuna mtu mwingine uwanjani anayelijua hilo kama mimi. Ningeweza kumkamata kiuno na kumlaza chini, mchezo ungeendelea. Lakini kiunoni hakukuwa na kitu cha kumwonyesha kocha. Nikainamisha kichwa.

Refa hakupuliza kipenga. Kwa sheria za wakati ule sikuwa na kosa. Hilo nimeambiwa na watu wengi, kwa nia njema, na halijanisaidia hata siku moja.

Nikacheza ile ngoma unayoijua. Hapo ndipo video yenu inapoishia, na mimi nimeishi na kilichofuata. Kelele zilianza kupungua upande mmoja wa uwanja, halafu upande wa pili, kama mvua inavyoondoka kwenye mabati. Nikatazama chini kumpa mkono nimwinue. Mkono wake mmoja ulikuwa unatetemeka peke yake, mwili uliobaki umetulia. Macho yalikuwa wazi. Alinitazama, na sikujua kama ananiona.

Wakamfunga kwenye ubao, wakambeba. Nikasikia mwanamke akiita jina lake kutoka kwenye viti, na sauti niliijua. Kisha mpira ukarudishwa kati, nami nikacheza hadi mwisho.

Tulipofika hotelini simu ya chumbani ikalia.

"Mwanangu," Mama Curtis akasema, "wamempeleka hospitali kuu. Amezinduka. Anakuuliza wewe. Njoo."

"Nakuja, mama."

"Nimekuwekea kiti."

Basi la timu lilikuwa nje, injini inanguruma, kutupeleka uwanja wa ndege. Ningependa kukuambia kuna mtu aliyenizuia. Ningependa kusema kocha alikataa, au wanasheria. Hakuna aliyenizuia. Teksi zilikuwa zimepanga mstari pale mlangoni. Nilisimama na begi mkononi, nikazitazama, kisha nikapanda basi.

Nikajiambia nitaenda wiki ijayo. Nikatuma maua. Wiki hiyo kijana yule mpya akakaa benchi, na mimi nikarudishiwa nafasi yangu, na video ikaonyeshwa kila siku, watangazaji wakipiga makofi. Nilisoma kwenye gazeti kwamba Curtis hatatembea tena. Baada ya kusoma hivyo, kwenda kukawa kugumu zaidi. Siku ya kwanza ilihitaji ujasiri kidogo tu. Ya pili ilihitaji maelezo ya kwa nini sikuja ya kwanza. Baada ya mwaka ilikuwa kama kufungua ghala ulimoacha kiazi kibovu chini ya magunia yote. Unajua kipo. Unapita mbali na mlango.

Miaka miwili baadaye goti likakatika, kabati langu nalo nikalikuta wazi, nikarudi nyumbani. Hapa walinipokea kwa nyimbo. Nilinunua shamba hili, nikanunua lori la viazi, nikaalikwa mashuleni kuzungumza na watoto juu ya bidii. Shule moja ilikuwa kule Kiritiri, na mwalimu aliyenikaribisha ndiye mama yako. Mimi Mmeru, yeye Mmbeere, tukaongea Kiswahili, na ndiyo sababu wewe hukukijua Kimeru mpaka ulipoanza kucheza na watoto wa jirani. Aliniuliza siku ya kwanza, "Uliwahi kumuumiza mtu?" Nikamwambia ule ni mchezo tu.

Ukiwa na miaka minne ulipanda juu ya lori, juu ya magunia, ukaanguka. Hukumbuki. Ulilala kwenye vumbi na hukusogea, na mimi nilikuwa hatua kumi tu kutoka pale. Mama yako alitoka jikoni akakimbia, akanipita, akakuinua, na ukalia, ukawa mzima. Mimi nilikuwa bado nimesimama. Miguu ilikataa, kama ilivyokataa pale hotelini. Mama yako akanitazama akiwa amekubeba, akasema polepole, "Baba Muriungi, una nini?"

Wiki hiyo nikamwambia kuhusu Curtis. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Nenda." Wewe uliambiwa baba amekwenda kutibiwa goti.

Miaka kumi na tano ilikuwa imepita. Nyumba ilikuwa ile ile, ila ngazi zilikuwa zimeondolewa na kuwekwa mteremko wa mbao kwa ajili ya kiti cha magurudumu. Mama Curtis alifungua mlango. Nilikuwa nimepanga maneno safari nzima, yakapotea yote.

"Umenenepa," akasema. Kisha, "Kile kiti nilikuwekea siku tisa. Siku ya kumi wakanipokonya, kulikuwa na mgonjwa mwingine." Akanipisha nipite.

Curtis alikuwa dirishani. Mikono aliweza kuisogeza kidogo, sauti ilikuwa ile ile. Hakunitukana. Aliuliza habari za viazi. Akauliza nina watoto, nikamwonyesha picha yako, akasema, "Maskini, amechukua kichwa chako." Tukacheka. Mama yake alipotoka kwenda jikoni, akaacha kucheka.

"Nina swali moja," akasema. "Nimelilalia miaka yote. Siku ile, ulijua ni mimi?"

Nilikuwa nimevuka bahari kwa ajili ya swali hilo, hata kama sikuwa nalijua. Nikamtazama shingo ilivyokuwa nyembamba.

"Hapana," nikasema. "Sikujua. Niliona jezi tu."

Akafumba macho, uso wake ukalegea kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Nilijua," akasema. "Nilimwambia mama. Nilimwambia, angejua ni mimi, angeniita. Angesema *angalia*."

Alilisema kwa Kiswahili.

Nilikaa pale siku nne. Nilimlisha, nilimnyoa, tulitazama mchezo kwenye televisheni, yeye akiwapigia kelele wadakaji. Zilikuwa siku nzuri, Muriungi, na kila saa yake ilikuwa imesimama juu ya uongo wangu. Mwaka uliofuata mapafu yake yakashindwa. Nilirudi nikabeba jeneza upande wa mbele. Kanisani Mama Curtis alinishika mkono, akawaambia watu, "Huyu ni mwanangu mwingine. Msimlaumu. Hakujua." Watu wakaitikia amina, na mimi nikainamisha kichwa, na wakadhani ni huzuni.

Nimejiuliza mara nyingi kama uongo ule ulikuwa huruma au woga. Siku nyingine naona ni huruma. Nikiumwa kichwa, na siku hizi kinauma mara kwa mara, naona ni lile basi la timu nililopanda tena.

Sikuandikii ili uache mchezo. Ulikuja kwenye raga mwenyewe, ukachaguliwa kwa juhudi zako, na hao wanaokuita kule wanakuita kwa miguu yako, wala si kwa jina langu. Una mwili wa babu yako na moyo wa mama yako. Cheza. Ila utalala chumba kimoja na vijana, mtakula pamoja, utajua nani anaogopa nini, nani haoni upande gani. Watu watakupa udhaifu wao bila kujua kuwa wamekupa. Sina neno la kuongeza hapo, wewe si mjinga. Na video usiifute kwa ajili yangu.

Lakini kuna sababu nimeandika leo wala si miaka mitano ijayo. Yule mama uliyeambiwa atakupokea uwanja wa ndege ndiye Mama Curtis. Ni mzee sasa, lakini bado anaendesha gari lake mwenyewe, na chuo chako ni mwendo wa saa tatu kutoka kwake. Aliposikia unakwenda alilia kwa furaha. Amekuandalia chumba, na chumba chenyewe ni kile cha Curtis. Kila likizo utakula mezani kwake kama nilivyokula mimi. Nimelala na kuamka na jambo hilo tangu visa yako ilipotoka, nikaona siwezi kukupeleka ukakalie kiti hicho na wewe ni mwana wa mtu aliyemdanganya.

Alhamisi, ulipokuwa Meru mjini na mama yako mkinunua sanduku, nilimpigia simu. Nilimwambia, "Mama, nilijua ni yeye." Nikamweleza kwamba ningeweza kumkamata kiuno, nikainamisha kichwa, nikamweleza Jumatano ya kocha, nikamweleza dirishani nilivyojibu. Sikujitetea. Nikamaliza. Nilidhani simu imekatika. Nilisikia redio kwa mbali jikoni kwake, nikasikia anavuta pumzi, nikangoja. Nilistahili kungojeshwa.

Mwishowe akasema, "Alikufa anakuamini."

"Ndiyo, mama."

 Halafu akauliza, kwa sauti nisiyoweza kuisoma, "Ndege ya kijana inatua saa ngapi?"

Nikamwambia.

"Nitakuwa pale," akasema, na akakata simu.

Sijui atakuja na uso gani. Huenda akakukumbatia, huenda akakubebea sanduku bila neno hata moja njia nzima. Lolote atakalokupa, lipokee, ni langu. Utamtambua, ni mrefu, amevaa miwani, na atakuwa amesimama wala si kukaa. Usingoje akuite. Mwendee wewe, weka mizigo chini, umwamkie kwa mikono miwili, umwambie jina lako.

Baba yako.